Honda CG125 ya Zamani Inapokula Mafuta: Dalili, Sababu na Marekebisho ya Kabureta

Honda CG125 iliingia sokoni mwaka 1976 ikiwa na injini ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 124 (cc), kipenyo cha milimita 56.5, na valvu zinazosukumwa kwa fimbo. Iliundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo, hupita kwenye vumbi na hucheleweshewa matengenezo. Muundo wake ulinakiliwa na viwanda vingi vya China, na ndiyo maana bodaboda nyingi zinazotembea leo kati ya Kigoma na Kisumu zina injini ya ukoo huo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye CG125 ya miaka ya 1970 au 1980, lakini mwenye pikipiki ya Kichina ya ukoo huohuo atauona unamfaa kwa sehemu kubwa, ila vipimo avichukue kwenye kitabu cha pikipiki yake.

Malalamiko hufika karibu kila mara kwa sentensi moja: pikipiki inakula mafuta. Nyuma ya sentensi hiyo kuna kasoro nyingi tofauti, na baadhi yake hazihusiani hata kidogo na kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Tena, kuirekebisha kabureta ili ipunguze ulaji ni kuirudishia kipimo ilichotengenezewa. Anayeinyima injini mafuta kwa kukaza skrubu na kushusha sindano kupita kiasi huokoa petroli kidogo kwa muda mfupi, kisha hulipia pistoni.

Kabla ya kushika bisibisi

Hakikisha kwanza kwamba tatizo lipo. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali palipo sawa, jaza tangi hadi alama unayoweza kuirudia, andika kilomita, kisha endesha kwa matumizi yako ya kawaida kwa angalau kilomita 150 na ujaze tena hadi alama ileile. Ukitembea kilomita 168 na tangi likapokea lita 4.8, pikipiki inatoa kilomita 35 kwa lita. CG125 iliyo nzima, ikiwa na mtu mmoja na mwendo wa wastani, hutoa kilomita 40 hadi 50 kwa lita. Ikibeba abiria na magunia, au ikishinda kwenye foleni, hushuka chini ya hapo bila kuwa na kasoro yoyote. Kumbuka pia kwamba kilomita hizo huhesabiwa kutoka gurudumu la mbele, kwa hiyo tairi la mbele lenye kimo kisicho cha asili huzifanya zionekane nyingi au chache kuliko zilivyo.

Fanya kazi nje au mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na unaweza kuwaka ukiwa mbali na pikipiki yenyewe. Funga koki ya mafuta, mwaga petroli ya bakuli la kabureta kwenye kopo la chuma, na usinyonye petroli kwa mdomo kupitia mpira, kwa kuwa kiasi kidogo kikiingia kwenye mapafu kinaweza kuua.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha pima tena. Aliyesafisha chujio, akabadilisha jeti (kipande chenye tundu linalopimia petroli) na kugusa skrubu ya hewa siku hiyohiyo hawezi kujua ni lipi lililosaidia na ni lipi lililoharibu.

Dalili ya kwanza: plagi ni nyeusi yenye masizi makavu, na moshi mweusi hutoka unapovuta resi

Hapa injini inapata petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia iliyofifia kwenye kauri yake ya ndani. Masizi makavu yanayofutika kwa kidole yanatokana na petroli, lakini weusi wa majimaji unaong'aa unatokana na oili inayopanda kutoka chini. Weusi wa aina hiyo ya pili nenda nao moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Sababu inayoongoza ni chujio la hewa lililoziba. Litoe na ulitazame kwenye mwanga. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa kwa kuminywa bila kusokotwa, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa oili kidogo na kuminywa tena ili ibaki ya kunasa vumbi tu. La karatasi halioshwi; hupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na likiwa limeloa oili au limechanika hubadilishwa. Wapo wanaoliondoa chujio kabisa ili injini ipumue, na pikipiki huonekana kuchangamka kwa wiki kadhaa. Vumbi la barabara zetu hufanya kazi ya msasa ndani ya silinda, na injini iliyokusudiwa kudumu miaka mingi huisha ringi mapema. Ushauri huo usiukubali hata ukitolewa na mtu unayemheshimu.

Sababu inayofuata ni choki isiyofunguka yote. Ondoa mpira unaounganisha kabureta na nyumba ya chujio, kisha sogeza mkono wa choki huku ukitazama ndani kwa tochi: kibati cha choki kinapaswa kulala sambamba na njia ya hewa. Katika kabureta zilizochakaa, mkono huo hulegea na kuteremka wenyewe kwa mtikisiko wa barabara, hivyo choki uliyoifungua nyumbani huwa imejifunga nusu ufikapo sokoni.

Ikiwa chujio na choki ni vizima, fungua bakuli na usome namba iliyochongwa kwenye jeti kubwa. Pikipiki ya miaka 40 imepitia mikono mingi, na si ajabu kukuta jeti ya pikipiki nyingine, au jeti ya asili iliyopanuliwa kwa waya. Kwenye jeti za Keihin, chapa ya Kijapani ya kabureta, namba hukaribia kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 90 ni karibu milimita 0.90, lakini watengenezaji wengine hupima kwa njia zao, na namba ya kampuni moja hailingani na ya nyingine. Nunua jeti ya aina ileile na namba iliyoandikwa kwenye kitabu. Jeti iliyochokonolewa kwa waya wa chuma haina namna ya kurudishwa katika ukubwa wake, itupe. Kwa usafishaji, tumia upepo, au unyuzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, kwa sababu shaba hiyo ni laini kuliko jeti yenyewe na haiwezi kuikwangua.

Jambo dogo la bisibisi linafaa kutajwa hapa kwa kuwa limeharibu kabureta nyingi. Skrubu za msalaba za pikipiki za Japani zina umbo linalotofautiana kidogo na la bisibisi za kawaida, ambazo huruka na kula kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi inayokaa hadi chini bila kucheza, isukume kwa nguvu ndipo uizungushe. Skrubu ya bakuli ikigoma, au kichwa chake kikianza kulika, acha hapohapo na umpelekee fundi mwenye bisibisi ya kugonga, kwani mwili wa kabureta ni wa aloi laini na uzi wake hung'oka kwa urahisi.

Dalili ya pili: harufu ya petroli haiishi, au kuna matone chini ya kabureta

Petroli hii inapotea bila kupita kwenye injini, na ndiyo hasara iliyo rahisi kuiona. Kwanza kausha kila kitu kwa kitambaa, fungua koki na utazame unyevu unaanzia wapi. Ukianzia kwenye maungio ya koki na tangi au kwenye mpira wa mafuta, badilisha oringi au mpira. Ukianzia ukingoni mwa bakuli, gasketi yake imekauka. Ukitoka kwenye mrija wa kumwagia ulio chini, ama skrubu ya kumwagia haijakaza, ama petroli imepanda ndani ya bakuli kupita kimo chake.

Petroli hupanda kwa sababu sindano ya boya haifungi. Mara nyingi kuna uchafu tu, punje ya kutu kutoka kwenye tangi iliyokaa kati ya sindano na kiti chake, na kuisafisha kunatosha, mradi usafishe pia tangi na chujio dogo la koki, la sivyo punje nyingine itafuata. Ikiwa ncha ya sindano ina mkunjo wa mviringo unaouona kwa macho, badilisha sindano, na kiti pia kama kinatoka. Halafu tikisa boya karibu na sikio: ikisikika petroli ndani, limetoboka na linazama. Mwisho kabisa ndipo upime kimo cha boya kwa kipimo cha kitabu. Bila kitabu, unganisha mpira unaoonyesha ndani kwenye mrija wa kumwagia, uinue kando ya bakuli, legeza skrubu ya kumwagia na ufungue koki. Petroli ndani ya mpira itasimama kwenye kimo ilichonacho ndani ya bakuli, na inapaswa kubaki chini kidogo ya mstari ambapo bakuli hukutana na mwili wa kabureta.

Ipo hatari moja ambayo kila mwenye pikipiki ya zamani anapaswa kuijua. Ikiwa sindano haifungi na koki imeachwa wazi usiku kucha, petroli inaweza kupita kwenye njia ya hewa, kuingia ndani ya silinda na kuteremka kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili imepanda juu ya alama au inanuka petroli, usiiwashe injini. Oili iliyochanganyika na petroli hailainishi tena, na beringi za krenki zinaweza kuungua upesi. Kama kiki imegoma kushuka, usiilazimishe kwa uzito wa mwili. Toa plagi kwanza, sogeza pikipiki mbali na moto wowote, na umwite fundi. Oili itabadilishwa yote baada ya kabureta kutengenezwa, si kabla.

Dalili ya tatu: inawaka vizuri na inatulia, lakini ulaji ni mkubwa katika mwendo wa kawaida

Hii ndiyo dalili ya kweli ya kabureta iliyozeeka, na mafundi wengi huipita kwa kuwa pikipiki haionyeshi ugonjwa mwingine. Ili kuielewa inafaa kujua kabureta inavyogawa kazi. Resi ikiwa imefungwa hadi karibu moja ya nane, petroli hutoka kwenye jeti ndogo; kutoka hapo hadi robo, mkato ulio chini ya slaidi, kipande kinachopanda na kushuka unapovuta resi, ndio unaotawala zaidi; kati ya robo na robo tatu, kipimo kinashikwa na sindano ndefu inayoning'inia ndani ya jeti yake; na juu ya robo tatu ndipo jeti kubwa inapochukua uamuzi. Mipaka hii hupishana, lakini inatosha kukuongoza. Mwendesha pikipiki wa kawaida hutumia sehemu kubwa ya safari yake kati ya robo na nusu ya resi, kwa hiyo kubadilisha jeti kubwa ili kuokoa mafuta ya mwendo huo ni kugusa mahali ambapo tatizo halipo.

Weka utepe wa karatasi kwenye mshiko wa resi na mwingine kwenye nyumba yake, ukitia alama ya robo, nusu na robo tatu. Tafuta barabara tupu na iliyonyooka, endesha kwa alama ya nusu kwa kilomita moja au mbili injini ikiwa na joto, kisha kwa wakati mmoja bana klachi, zima injini kwa swichi na uiache pikipiki iserereke hadi isimame pembeni. Usifanye hivi kwenye barabara yenye magari. Ikipoa kidogo, toa plagi uisome. Plagi nyeusi katika nusu ya resi, ilhali ile ya resi kamili ina rangi nzuri, inaelekeza kwenye sindano na jeti yake.

Fungua kifuniko cha juu cha kabureta na uitoe slaidi pamoja na sindano. Kwanza angalia kipini (klipu inayoishikilia sindano kwenye slaidi) kimekaa kwenye mfuo wa ngapi. Mahali pa kuanzia huwa pale kitabu kinaposema, na kwa sindano yenye mifuo mitano mara nyingi ni wa katikati. Ukipandisha kipini mfuo mmoja kuelekea kichwa cha sindano, sindano hushuka na petroli hupungua. Kama mtu wa kabla yako aliweka kipini kwenye mfuo wa chini kabisa ili pikipiki ichangamke, umeshapata sehemu ya jibu.

Lakini tazama pia uchakavu. Kila mtikisiko wa injini huifanya sindano iguse ukuta wa tundu la jeti yake, na baada ya makumi ya maelfu ya kilomita tundu lililokuwa duara huwa yai. Shika sindano kwenye mwanga wa dirisha na uizungushe polepole: mstari unaong'aa upande mmoja ni alama ya kusuguana, na ukipitisha ukucha kutoka juu kwenda chini ukahisi kingo, sindano imekwisha. Kisha toa jeti ya sindano, iinue dhidi ya anga na uangalie tundu. Uchakavu ambao ni mdogo mno kuuona kwa jicho moja kwa moja unatosha kuongeza petroli kwa kiwango kikubwa katika robo ya resi, kwa sababu pale nafasi kati ya sindano na tundu ni nyembamba sana. Sindano na jeti yake hununuliwa pamoja. Kuweka sindano mpya ndani ya tundu la yai hakusaidii kitu.

Ukishavirudisha, hakikisha slaidi inadondoka yenyewe hadi chini na kwamba mkato wake unatazama upande wa chujio. Vuta resi na uiachie ghafla, usukani ukiwa umekatwa kushoto, kisha kulia: lazima ijifunge kwa mlio mkali kila mara. Ikinasa popote, usiiwashe pikipiki. Na kama slaidi inacheza na kugonga ndani ya mwili wa kabureta hata baada ya kuwekwa mpya, mwili wenyewe umelika na utahitaji kabureta nyingine yenye koo la ukubwa uleule. Koo kubwa zaidi halileti uchumi. Hewa hupita polepole ndani yake na petroli haichanganyiki vizuri kwenye mwendo mdogo.

Dalili ya nne: injini haitulii, huzima taa za barabarani zikiwa nyekundu, na dereva huishi na resi ya juu

Wenye dalili hii hupandisha skrubu ya resi ili injini isizime, na injini inayonguruma kwa nguvu kwenye kila foleni hunywa petroli siku nzima bila kusogea. CG125 nyingi hutulia karibu mizunguko 1,400 kwa dakika.

Anza na kebo ya resi, ambayo inapaswa kuwa na uchezaji wa milimita chache kwenye mshiko. Halafu tafuta hewa inayoingia kwa wizi kati ya kabureta na silinda hedi, mahali penye kipande cha kuzuia joto na oringi zake. Injini ikiwa inanguruma, nyunyizia maji ya sabuni kidogo kwenye maungio hayo. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo. Usitumie petroli kwa jaribio hili, hata kama umeona wengine wakifanya hivyo, kwani iko karibu na ekzosi ya moto na cheche za plagi. Oringi mpya ni ya bei ndogo, lakini ikiwa uso wa kabureta umepinda kwa kukazwa kupita kiasi, fundi atausawazisha kwenye kioo chenye msasa.

Jeti ndogo huziba kwa urahisi kuliko zote kwa kuwa tundu lake ni jembamba na petroli iliyokaa miezi huacha gundi. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize, na uhakikishe unaona mwanga kupitia katikati yake.

Baada ya hayo ndipo skrubu ya mchanganyiko iguswe. Kama skrubu iko upande wa chujio, inatawala hewa, na kuikaza huongeza uzito wa petroli. Kama iko upande wa injini, inatawala petroli, na kuikaza huipunguza. Kabureta za jamii hii zipo za aina zote mbili, na wengi hukosea hapa. Injini ikiwa na joto la kutosha, ikaze taratibu hadi iguse bila kulazimisha, ukihesabu mizunguko ili ujue ilikotoka, kisha ilegeze mizunguko miwili. Kutoka hapo izungushe robo kwa robo pande zote mbili ukisikiliza mahali injini inapokwenda kasi na laini zaidi, halafu ishushe kwa skrubu ya resi. Ikiwa injini haibadiliki kabisa unapoizungusha, njia ya jeti ndogo bado imeziba, au hewa ya wizi bado ipo.

Dalili ya tano: plagi ni nyeupe, injini inapata joto sana na inagonga mlimani

Dalili hii huja kwa waliokwisha kujaribu kubana matumizi. Petroli ni chache kuliko hewa, na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba ulaji unaweza kupanda, kwa sababu injini isiyo na nguvu hudai resi zaidi na gia ya chini kwa mlima uleule. Pikipiki husita unapovuta resi, hupiga mlio wa kupasuka kwenye ekzosi unapoiachia, na kauri ya plagi huwa nyeupe kama chokaa.

Rudisha kipini cha sindano na jeti kwenye namba za kitabu kwanza. Kisha angalia mfuniko wa tangi, kwa sababu tundu lake la hewa likiziba petroli hushindwa kuteremka: endesha mpaka dalili itokee, fungua mfuniko, na ukisikia hewa ikivutwa ndani umeipata sababu. Koki iliyojaa kutu na hewa ya wizi iliyoelezwa juu ndizo zinazofuata.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta mgongano wa aina hiyohiyo. Tatizo hilo limekuwa kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji nchini Tanzania, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuutambua uchakachuaji. Ikiwa mgongano ulianza mara tu baada ya kujaza mahali papya, mwaga tangi kabla ya kugusa kabureta.

Ukiona vipunje vidogo vya kung'aa vimeshika kwenye kauri ya plagi, au ncha yake imeyeyuka, zima injini na usiiwashe tena. Hiyo ni aloi ya pistoni, na kuanzia hapo kazi ni ya fundi wa injini.

Dalili ya sita: ulaji uliongezeka baada ya kuhamia nyanda za juu

Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 16. Kabureta hailijui hilo, kwa hiyo mchanganyiko huwa mzito kwa karibu asilimia 9, na vivyo hivyo kwa pikipiki iliyopandishwa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya au Njombe. Mwenye kuishi huko daima na apunguze jeti kubwa kwa saizi moja au mbili, ashushe sindano mfuo mmoja ikiwa plagi ya nusu ya resi bado ni nyeusi, kisha arekebishe skrubu ya mchanganyiko. Lakini akirudi pwani bila kurudisha jeti ya asili, ataangukia dalili ya tano barabarani, tena akiwa amebeba mzigo. Kwa safari ya siku chache, iache kama ilivyo.

Dalili ya saba: kabureta imekamilika na ulaji haujabadilika

Inua gurudumu la nyuma kwa stendi kubwa, tia gia huru na ulizungushe kwa mkono; fanya hivyo na la mbele. Gurudumu linalosimama baada ya nusu mzunguko linashikwa na breki, na dramu lenye joto la kuunguza baada ya safari fupi usiyopiga breki mara nyingi ni ushahidi wa kutosha. Angalia upepo wa matairi yakiwa ya baridi, na cheni, ambayo haipaswi kukazwa kama kamba ya ngoma. Uchezaji wa takriban sentimita mbili katikati unatosha. Klachi inayoteleza hujulikana mlimani: mlio wa injini hupanda bila mwendo kupanda.

Kisha njoo kwenye moto. Plagi iliyozoeleka kwa injini hii ni NGK D8EA yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Kwenye pikipiki za awali zenye platini (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili kuzalisha cheche), kisigino cha platini hulika taratibu, mwanya wake hupungua chini ya milimita 0.3 na moto huchelewa. Moto uliochelewa huifanya petroli imalizie kuungua kwenye ekzosi, ambayo hupata joto jingi huku pikipiki ikikosa nguvu. Rudisha mwanya kati ya milimita 0.3 na 0.4, na uhakikishe alama za moto zinakutana pale platini zinapoachana.

Tapeti, yaani mwanya wa valvu, hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefungwa, kwa fila geji ya milimita 0.08. Tapeti inayopiga kelele huudhi masikio, lakini iliyokazwa ndiyo mbaya zaidi: valvu haikai kwenye kiti chake, mgandamizo huvuja na valvu ya ekzosi huungua.

Kilichobaki ni hali ya injini yenyewe. Plagi yenye weusi wa majimaji, moshi wa bluu, oili inayopungua kati ya safari na kiki inayoshuka kwa wepesi usio wa kawaida vinaonyesha ringi, silinda au valvu zilizokwisha. Mpe fundi mwenye geji apime mgandamizo mara ya kwanza ikiwa kavu, kisha baada ya kutia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi: usomaji ukipanda sana mara ya pili, ringi na silinda ndizo zimechoka, usipopanda, valvu zinavuja. Kuchonga silinda, kusaga valvu na kupima pistoni ni kazi za mashine na vipimo, na zifanywe kwenye karakana yenye vifaa hivyo. Injini ikisharudishwa na kuzoea sehemu zake mpya, kabureta ipangwe upya kuanzia namba za kitabu, kwa sababu mipangilio iliyofaa kwa silinda iliyochoka haifai tena kwa iliyochongwa.